Silabi Iliyomezwa: Jinsi Swichi ya Sauti Inavyofanya Kazi Kwenye Redio na Vinasa Sauti

Nahodha yuko Faza, mwenzake yuko Lamu mjini. Anasema redioni, akiutaja mlango wa bahari wa Mkanda: "Sitapita Mkanda, maji yamekupwa." Redio yake imewekwa swichi ya sauti, ile inayoandikwa VOX kwenye menyu, nayo imechelewa kuamka kwa muda wa silabi moja tu. Lamu mjini panasikika: "Tapita Mkanda, maji yamekupwa." Kwa sikio la mtu wa pwani, "tapita" ni neno kamili, maana yake nitapita. Sauti imefika safi, haina mkwaruzo wala kelele ya kumtia msikilizaji shaka, ila maana imegeuka.

Inafaa kuanzia hapo kwa sababu Kiswahili hubeba ukanushi mwanzoni kabisa mwa kitenzi. "Hatutangoja" ikikatwa kichwa inakuwa "tutangoja". "Hawatavua leo" inakuwa "watavua leo". Msemaji wa kawaida hutamka silabi kama 5 hadi 7 kwa sekunde, kwa hiyo silabi moja ni sehemu moja ya tano ya sekunde au pungufu, na uchelewaji wa kiasi hicho ni wa kawaida kabisa kwenye redio za mkononi za bei nafuu. Anayeitumia swichi hii kwa Kiswahili anapaswa kuielewa vizuri kuliko maelezo yaliyomo kwenye kijitabu cha redio.

Swichi yenyewe haijui maneno. Inajua jambo moja: umeme unaotoka kwenye maiki umevuka kizingiti, au haujavuka. Ukivuka, inafanya kazi ambayo kidole kingeifanya, yaani inabonyeza kitufe cha kurushia matangazo au inaanzisha kinasa sauti. Ukishuka, inasubiri kidogo kisha inaachia. Hivyo kuna mambo matatu ya kupanga: urefu wa kizingiti, muda wa kuamka, na muda wa kushikilia baada ya sauti kunyamaza. Karibu kila lawama inayotupiwa swichi hizi hutokana na mojawapo ya hayo matatu.

Ndani ya kisanduku

Tuutazame mzunguko mmoja rahisi wa volti 9, ambao fundi anayejua kuchomelea risasi anaweza kuuunda kwa jioni moja.

Maiki ni ya elektreti, kile kikopo kidogo cha bati chenye miguu miwili, kipenyo chake milimita 6 hadi 10. Haiwezi kufanya kazi bila kulishwa umeme kidogo, nao unapitishwa kwenye rezista ya kiloomu 4.7. Ukizungumza karibu nayo inatoa milivolti chache, tuseme 5. Hizo haziwezi kuendesha kitu chochote, kwa hiyo zinaingia kwenye nusu ya kwanza ya chipu ya LM358, ambayo ndani yake mna vikuza viwili. Kwa rezista ya kiloomu 220 na nyingine ya kiloomu 1, ukuzaji ni mara 221, na milivolti 5 zinakuwa volti 1.1 hivi.

Umeme huo bado unapanda na kushuka kwa mwendo wa sauti, mamia ya mara kwa sekunde, na swichi haitaki kupapatika mamia ya mara kwa sekunde. Kwa hiyo unapitia kapasita ya mikrofaradi 1, kisha dayodi mbili za 1N4148 zinazousukuma upande mmoja na kuujaza kwenye kapasita ya mikrofaradi 2.2. Kapasita hii ndiyo kiini cha mzunguko wote. Ifikirie kama pipa lenye tundu dogo chini: sauti inalijaza, na rezista ya kiloomu 470 iliyofungwa sambamba nalo inalimwaga polepole. Kimo cha maji katika pipa hilo ndicho kinachopimwa.

Anayepima ni nusu ya pili ya LM358. Inalinganisha kimo cha pipa na kizingiti kilichowekwa kwa potensiomita, yaani rezista ya kuzungushwa, ya kiloomu 10. Ukiiunganisha na rezista ya kiloomu 39 upande wa volti 9, kizingiti kinaweza kukaa popote kati ya 0 na volti 1.8. Pipa likipita kizingiti, tokeo la chipu linapanda, linapitia rezista ya kiloomu 2.2, linafungulia transista ya BC547, na transista inavuta relei ya volti 9, yaani swichi ya sumaku ya umeme inayobonyeza kile kitufe, inayokula miliampea 40 hivi. Usiisahau dayodi ya 1N4007 iliyofungwa kinyume kwenye koili ya relei. Koili inapokatiwa umeme huurudisha kwa mruko mkali, na bila dayodi hiyo transista inaweza kuungua siku ya kwanza, kisha mtu akailaumu chipu isiyo na kosa.

Sasa hesabu ya muda. Pipa linajaa haraka: mizunguko mitatu minne ya sauti inatosha kulifikisha zaidi ya nusu, na kwa sauti ya hezi 300 hizo ni kama milisekunde 10. Relei nayo inataka milisekunde zake 5 hadi 10 kuvuta. Kufikia hapo hujapoteza kitu. Silabi inamezwa mbele zaidi: redio inapotoka kwenye kupokea kwenda kurusha, inachukua muda wake, redio ya upande wa pili nayo inachukua muda kutambua kwamba mawimbi yamekuja na kufungua spika. Ukijumlisha, unaweza kufika robo ya sekunde hata kama swichi yako ya sauti ni nyepesi kama umeme. Kwa sababu hiyo kuibadilisha swichi peke yake mara nyingi hakuponyi kitu.

Kumwagika ndiko kunakoleta muda wa kushikilia. Mikrofaradi 2.2 mara kiloomu 470 ni sekunde 1 na chembe. Huo si muda wa kushikilia wenyewe, ni kipimo cha kasi ya kumwaga. Pipa likiwa limefika volti 1 na kizingiti ni nusu volti, litachukua sekunde 0.7 kushuka hapo. Likiwa limefika volti 2 kwa sababu msemaji ni mpiga kelele, itakuwa sekunde 1.4. Kwa maneno mengine, kwenye mzunguko wa aina hii mwenye sauti kubwa anashikiliwa muda mrefu kuliko mwenye sauti ya chini, na msemaji mpole ndiye anayekatwa katikati ya sentensi anapovuta pumzi. Watu hudhani redio imeharibika kwa kuwa "kwa fulani inafanya kazi". Haikuharibika. Ongeza rezista ya kumwagia hadi megaomu 1, au msogeze msemaji mpole karibu na maiki.

Moduli ndogo za kununua zinazoitwa KY-037 na KY-038, zile za bao jekundu au la buluu lenye skurubu ya kurekebisha, zina chipu ya LM393 inayolinganisha tu. Pipa hazina. Taa yake inapepesa kwa kila mpigo wa sauti, na ukiifunga moja kwa moja kwenye relei, relei itatetemeka kama meno ya mtu mwenye homa. Zinahitaji kipima muda nyuma yake. Chipu ya 555 inafaa, na muda wake ni 1.1 mara rezista mara kapasita: kiloomu 100 na mikrofaradi 10 zinakupa sekunde 1.1. Lakini 555 ya kawaida huhesabu tangu mlio wa kwanza, haianzi upya kwa kila neno, kwa hiyo itaachia katikati ya sentensi kisha ishike tena. Kwa mazungumzo, mzunguko wa pipa ni bora.

Mashine, upepo na punda

Swichi iliyopangwa vizuri juu ya meza ya fundi huenda isifae hata kidogo ukiwa ndani ya boti. Mashine ya kufunga tezi yenye silinda mbili, ya mipigo miwili, ikizunguka mara 4,500 kwa dakika, inalipuka mara 150 kwa sekunde. Mngurumo wake mkuu basi uko hezi 150. Upepo wa kusi ukigonga maiki, nguvu yake nyingi iko chini zaidi ya hapo. Maneno ya mtu, kwa upande wake, yanaeleweka kwa sauti zilizo kati ya hezi 300 na 3,400, na huo ndio upana ambao simu zilijengewa tangu zamani. Kwa hiyo tunaweza kuichuja swichi isisikilize yaliyo chini.

Katika mzunguko ule ule, kapasita ya kutoka kwenye maiki iwe ya mikrofaradi 0.047, ikikutana na rezista mbili za kiloomu 22 zinazoliweka ingizo la kikuza katikati ya volti 9. Hapo unapata kichujio cha hezi 308. Kisha ile rezista ya kiloomu 1 ya ukuzaji iunganishwe na ardhi kupitia kapasita ya mikrofaradi 0.47, unapata kichujio cha pili, hezi 338. Kwa pamoja vinaupunguza mngurumo wa hezi 150 hadi chini ya sehemu moja ya tano, wakati sauti ya hezi 1,000 inapungua kama sehemu moja ya kumi tu. Kichujio hiki ni cha swichi peke yake. Sauti inayorushwa hewani ipitie njia yake, isije sauti ya msemaji ikawa nyembamba kama inayotoka ndani ya kopo.

Kichujio hakimalizi kila kitu. Mashine ina ngurumo za juu yake, hezi 300, 450, 600, na hizo zimo ndani ya njia ya maneno. Mlio wa punda umo humo humo, honi ya boti pia, na msomaji wa adhana kwa kipaza sauti ni sauti ya binadamu hasa. Hakuna kichujio cha rezista na kapasita kitakachomtenganisha na nahodha. Dawa ya hayo ni umbali. Sauti ikisafiri mara mbili ya umbali, hupungua desibeli 6. Maiki iliyo sentimita 5 kutoka mdomoni badala ya 20 inampa msemaji desibeli 12 za ziada, na kelele za nje hazipati hata moja. Desibeli hizo 12 zinashinda chipu yoyote utakayonunua. Iweke kwenye pembe ya mdomo, si mbele yake, ili pumzi ya "p" na "f" isiipige, na uivike sponji. Msimu wa upepo mkali, sponji si pambo.

Kupanga kizingiti kufanyike mahali penyewe pa kazi. Washa mashine, ifikishe mwendo unaosafiria, geuza maiki kama itakavyovaliwa. Anza na kizingiti kikiwa juu kabisa, yaani swichi ikiwa haisikii kitu, kisha shusha hatua kwa hatua bila kusema neno, mpaka taa ya kurushia iwake kwa kelele peke yake. Panda hatua mbili. Hapo sema kwa sauti yako ya kila siku, usipige kelele, uone kama inaamka kwa neno la kwanza. Isipoamka, usiteremshe kizingiti, sogeza maiki. Kwenye menyu za redio nyingine namba kubwa ni sikio kali, kwenye nyingine ni kinyume, kwa hiyo jaribu pande zote mbili kabla ya kuamini. Halafu jizoeze kutanguliza neno lisilo na mzigo: "Naam," au "Enhe," kisha ujumbe. Neno hilo ndilo litakalomezwa, na "sitapita" itafika nzima.

Kizingiti kikiwa chini mno, hasara ni ya betri kwanza. Redio ya mkononi ya wati 5 inakula karibu ampea 1.4 inaporusha, na makumi machache ya miliampea inapongoja. Betri ya miliampea-saa 1,800 ambayo ingekaa kutwa nzima inaisha kwa saa moja na robo hivi kama upepo unaibonyeza bila kukoma. Hasara ya pili ni ya wenzako wote: anayerusha kelele ameiziba chaneli. Ndiyo maana kwenye chaneli 16 ya baharini, megahezi 156.8, inayosikilizwa kwa ajili ya wito wa dharura, swichi ya sauti izimwe kabisa na kidole kifanye kazi yake. Kwa chaneli za kazi, weka pia kikomo cha muda wa kurusha, sekunde 60 zinatosha, ili redio iliyokwama ijinyamazishe.

Kuna kukwama kwa aina mbili zinazofanana kwa nje. Ya kwanza ni spika kuiamsha maiki: mwenzako anaongea, sauti yake inatoka kwenye spika yako, maiki yako inaisikia, mara redio yako inaanza kurusha. Redio mbili zikiwa hivyo zinaweza kurushiana mwangwi bila mtu kutia neno. Redio za mezani za hali ya juu zina saketi inayopunguza sauti ya spika kutoka kwenye hesabu ya swichi. Zisizo nayo zinahitaji spika ya kuvaa sikioni, basi. Aina ya pili ni ngumu zaidi kuigundua: swichi inaamka vizuri, kisha haiachii hata ukinyamaza kama maji mtungini. Hapo mawimbi ya redio yenyewe yanaingia kwenye waya wa maiki, yanageuzwa umeme wa upande mmoja ndani ya kikuza cha kwanza, na swichi inadhani bado unaongea. Jaribu kwa kupunguza nguvu ya kurusha au kuisogeza antena. Ikiachia, umempata mhalifu. Kapasita ya pikofaradi 100 ikichomelewa kwenye miguu ya maiki yenyewe, na pete ya feraiti kwenye waya, mara nyingi humaliza tatizo.

Na chumvi. Potensiomita ya kizingiti iliyokaa Shela au Kizingitini mwaka mzima inashika kutu ndani, kidole chake kinagusa na kuachia, na kizingiti kinaruka chenyewe. Dalili ni swichi inayobadilika tabia ukigonga kisanduku. Safisha kwa spiriti isiyo na maji, izungushe mara kumi huku na huku, kausha. Ukishapata kipimo kinachokufaa, ni afadhali uiondoe potensiomita kabisa na kuweka rezista mbili za thamani hiyo.

Kutazama nyuma

Swichi ya sauti, na kukata kwake maneno, ni mambo ya zamani. Waya wa simu wa kwanza kuvuka Atlantiki, TAT-1, ulioanza kazi mwaka 1956, ulikuwa na njia 36 za mazungumzo. Mwaka 1960 wahandisi wa kampuni ya simu ya Bell waliutia mfumo wa TASI: kwa kuwa mtu akiongea mwenzake hunyamaza, vitambua sauti vilimpa njia yule anayesema tu, na njia zile zile zikabeba karibu mara mbili ya watu. Mwaka 1969 wanaanga wa Apollo 11 walitumia swichi ya sauti juu ya mwezi, na kituo cha uongozi cha Houston kikamwambia Aldrin, mmoja wao, kwamba mwisho wa maneno yake unakatika, asogeze mdomo kwenye maiki. Ushauri ule ule tunaompa nahodha.

Simu ya mkononi iliyo mfukoni nayo ina swichi hii. Inaikata sauti vipande vya milisekunde 20, inakadiria kelele ya mahali ulipo na kuisasisha kila mara, kisha inaamua kama kipande hiki kina maneno. Ukinyamaza inapunguza kurusha, betri inapumzika. Mwenzako asije akadhani laini imekatika, simu yake inamtengenezea mvumo hafifu wa bandia. Ule "ukimya" unaosikia mtu akinyamaza simuni mara nyingi ni wa kutengenezwa.

Faida kubwa ya dijitali ni kwamba swichi inaweza kutazama nyuma. Sauti inawekwa kwanza kwenye kumbukumbu, uamuzi unafanywa, kisha inatolewa kuanzia kabla ya uamuzi. Kwa redio, kuichelewesha sauti robo sekunde kwa sampuli 8,000 za baiti mbili kila sekunde kunahitaji baiti 4,000 tu. Kwa kinasa, sekunde 2 za sampuli 16,000 ni baiti 64,000. Hicho ni kiasi kidogo mno, na kinairudisha silabi yote. Ukinunua kifaa, tafuta kama kina kurekodi kwa kutangulia. Kama hakipo, kichwa cha neno kitaendelea kupotea.

Kwenye vinasa vya kaseti hilo halikuwezekana. Mota ilihitaji muda kufikia mwendo wake, kwa hiyo neno la kwanza lilikosekana na la pili likasikika limeharakishwa, kwa sauti nyembamba. Watu walivumilia kwa sababu kaseti ya dakika 60 ilikuwa na dakika 30 kila upande na hakuna aliyetaka kurekodi kimya.

Sababu hiyo imekwisha. Rekodi ya MP3 ya kilobiti 64 inakula megabaiti 29 kwa saa. Kadi ya gigabaiti 32 inabeba saa zaidi ya 1,000. Hata ukirekodi bila kubana, mkondo mmoja wa biti 16 kwa sampuli 44,100, unapata saa 100. Anayekwenda kumrekodi mzee akisoma utenzi barazani, au qasida za Maulidi ya Mfunguo Sita, aizime swichi ya sauti na kurekodi moja kwa moja toka mwanzo hadi mwisho. Kipande cha mshororo na kipande cha pili kinatenganishwa na kituo; mzee akiulizwa jambo zito hunyamaza kabla ya kujibu. Swichi ikivikata vituo hivyo, mizani ya shairi inasikika kama imekosewa, na jibu lililofikiriwa linasikika kama limeropokwa. Saa ya rekodi nayo inadanganya: kinasa kinaonyesha dakika 40 kwa kikao cha saa mbili, na hakuna tena njia ya kujua nani alinyamaza wapi.

Pa kuiachia swichi kwenye kinasa ni pale unapongoja sauti chache ndani ya muda mrefu, mfano kukiacha kinase chaneli ya redio usiku kucha ili asubuhi ujue nani aliita. Kifunge kwa waya kutoka tundu la spika badala ya maiki, kisisikie jogoo wala jenereta. Weka kushikilia sekunde 3 au 4, rekebisha saa yake kabla ya kulala, na chagua kila wito uwe faili lake ili kila jina la faili libebe saa yake. Sauti ya redio usiibadilishe tena baada ya kupanga kizingiti, kwa kuwa kwa kinasa kilichofungwa hivyo, kitufe cha sauti na kizingiti ni kitu kimoja.